Ukurasa wa Mzee Stamen

Saa kumi na dakika tano alasiri, jikoni kwake mjini Ruse, Zdravka aliiamuru kompyuta iunde upya nyaraka, yaani kurasa za mwongozo, za programu aliyoiandika na wenzake kwa lugha ya kompyuta ya Python. Programu hiyo, ambayo yeyote aliruhusiwa kuichukua bure na kuirekebisha, ilikadiria kina cha mto Danube, unaopita mjini hapo. Kuunda nyaraka kulichukua sekunde arobaini, na kazi hiyo ilipoanza tu, Mzee Stamen, mwandishi wa mwongozo huo, aliyefariki Juni, alipanda ngazi kama kawaida.

Bibi Gina wa ghorofa ya pili alikutana naye.

"We Stamen, hata kufa hakujakufundisha kufuta viatu? Nimepiga deki sasa hivi!"

"Samahani, Gina. Sikai."

Mlangoni kwa Zdravka kulikuwa na tangazo la kifo cha mzee, lenye picha, la kutimiza miezi sita, kama ilivyo desturi ya huko. Zdravka alilibandika mwenyewe, kama alivyobandika lile la siku arobaini. Mzee alinyoosha kona iliyojikunja, akaingia, akaweka kofia juu ya friji.

Kwa miaka tisa aliandika mwongozo wote, kurasa mia na nne. Ule wa mwisho aliuandikia hospitalini: jinsi ya kutambua hesabu zinapodanganya, mto ukiganda. Alimwomba Zdravka ausome. Zdravka alisema Jumatatu. Lakini toleo jipya lilitoka Ijumaa, na ukurasa ule, ambao haukuwa kwenye orodha ya yaliyomo, ulileta onyo jekundu kwenye kompyuta. Zdravka aliongeza mstari mmoja wa amri wa kuiambia mashine iuruke ukurasa huo. Onyo likaisha. Jumapili mzee akafa.

"Umeusoma, binti?"

"Bado, mzee."

"Ukurasa una makosa mengi?"

"Sijaufungua."

"Usijali. Una kazi nyingi."

Zdravka aligeukia dirisha. Angekaripiwa ingekuwa afadhali.

Mashine ilimaliza. Maonyo: sifuri.

"Jumatatu," alisema.

"Jumatatu ni siku nzuri." Mzee akachukua kofia yake.

Sauti ya Bibi Gina ilisikika ngazini: "Kesho tena?"

"Zdravka akiunda tena."

"Basi uje na soksi tu, bila viatu."

Kulikuwa na barua pepe ya mtumiaji wa programu kutoka Silistra, mji mwingine wa kando ya mto, ya tatu wiki hiyo: mto umeganda, namba hazieleweki, afanyeje? Zdravka aliandika kwamba kuna ukurasa unaosubiri kusomwa. Akaisoma sentensi hiyo, akaifuta. Akaandika kwamba kuna ukurasa unaomsubiri mwandishi wake aumalize, akalituma jibu.