Mnyama wa Tangi la Tatu

Barua nne nimeandika kuhusu tangi la tatu la maji ya mji. Mfuniko umevunjika, jua linaingia, mwani umeota, dawa haifui dafu tena. Bosi anazitia kwenye droo. Na maji hayo ndiyo anayokunywa dada yangu na wanawe wawili, ambao mwezi mzima wanaharisha.

"Acha hofu, dada," huniambia bosi. "Maji yetu yanang'aa."

Yanang'aa! Hata macho ya mlevi yanang'aa.

Basi kila nikipandwa na hasira najifungia maabara, naweka tone la maji yale chini ya hadubini na kulipiga picha. Hapo hasira huniisha, nakiri. Kuna vimwani vyenye magamba ya kioo, vitundu vimepangwa mistari mpaka unajiuliza nani kavitoboa. Kuna na kinyama kimoja kinono, mwili unapitisha mwanga, nywele za mdomoni zinazunguka kama magurudumu mawili. Kinakula tu, hakina habari na mtu. Hicho nilikiita Bosi.

Siku moja bosi mwenyewe akaingia maabara kwa mara ya kwanza, anatafuta chaja. Akaona picha ya kile kinono ukutani, akaduwaa.

"Loo! Kito gani hiki?"

"Ni cha hapahapa kazini, bosi." Sikusema uongo.

"Kichapishe kikubwa, kiwekwe mapokezi. Alhamisi wakaguzi wanakuja."

Nikakichapisha ukubwa wa mlango. Dada alinisihi nifunge mdomo nisije nikafukuzwa kazi. Nikamwambia sawa.

Alhamisi wakaguzi walisimama mbele ya picha, hoi. Bosi kifua mbele, glasi ya maji mkononi.

"Jamani, uzuri gani huu!" akasema mkubwa wao, mama wa makamo mwenye miwani. "Ni nini?"

"Mtaalamu wetu atawaeleza," akasema bosi, akapiga funda.

Nikawakumbuka wale watoto.

"Ni mnyama, mama. Anaishi tangi la tatu na ukoo wake wote, kwa sababu mfuniko umevunjika. Barua zangu nne ziko kwenye droo ya bosi. Na maji aliyoshika yanatoka hukohuko."

Bosi hakumeza, hakutema. Alitutolea macho, mashavu yamemvimba, na haki ya Mungu alifanana na yule wa ukutani.

Kesho yake tangi lilikaushwa, likasuguliwa, likafunikwa. Wiki hii watoto wa dada wanakula na kukimbizana. Mimi nimeweka tone jipya chini ya hadubini: peupe, hakuna hata mmoja. Nilifurahi, kisha nikalia kidogo, mjinga mimi.

Kazi ninayo bado. Picha nayo ipo, bosi kakataa iondolewe. Jana nilimkuta kasimama mbele yake peke yake.

"Hivi," akaniuliza taratibu, "huyu ulimpa jina?"

"Hapana, bosi," nikasema.