Dirisha la Mkubwa Ngoy

Kalenga alikuwa hajawahi kukutana na mjinga anayejijua kuwa mjinga, na kwa hiyo hakumsamehe hata mmoja. Waliojenga biro ya serikali pale Kalemie aliwaweka mbele ya wote. Waliichora nyumba yao kana kwamba jua hupita utosini kutwa nzima, kisha wakaisimamisha katika mji ambao asubuhi jua hutoka ziwani na kumpiga mtu usoni. Juu ya kila dirisha waliacha kibaraza chembamba kama ulimi. Kilikinga mvua tu, tena ile isiyo na upepo.

"Jua la kwetu linapiga mara mbili," Kalenga alipenda kusema. "Mara moja kutoka juu, mara ya pili kutoka majini. Wao walijifunza moja, wakaona shule imekwisha."

Kazi yake mle birooni ilikuwa kuchora plani za nyumba, na mkubwa wake aliitwa Ngoy, mtu wa Kongolo. Ngoy alikaa dirishani, nyuma ya kioo, abakosti, lile koti la chama, imefungwa mpaka shingoni, akivuja jasho kama kifuniko cha chungu. Kando yake alikaa Mama Mujinga (jina la kwao tu, si sifa), mpiga mashini ya kuandikia, ambaye hadi saa nne ya asubuhi aliandika kwa jicho moja huku lile jingine likitoa machozi.

Kalenga akaanza kutengeneza kizuia-jua, safu ya vipande vya kuinamishwa na kuinuliwa kwa kamba. Cha kwanza alikisuka kwa matete, akakifunga kwenye dirisha la nyumba yake. Mvua ikanyesha, matete yakavimba na kukwama. Cha pili, cha mbao za masanduku, kilikuwa kizito hata kamba ikakatika. Jirani yake Abedi, mshona nyavu, alipita akacheka.

"Papa Kalenga, jua njo la Mungu. Wewe unalifungia mlango?"

"Silifungii jua. Nafungia ujinga wa fundi. Nipe zile risasi za kuzamishia wavu, acha maneno."

Abedi akampa, na zile risasi ndizo zilizomaliza shida. Kalenga alizifunga mwisho wa kamba ili zibebe uzito wa vibao, naye sasa aliweza kuviendesha vyote kwa kidole. Vibao vya juu viliinama kama kope. Vya chini viliinuka kidogo, vikaukataa mng'ao wa maji na kuurudisha ulikotoka. Kadiri jua lilivyopanda, mtu alivuta kamba fundo moja. Upepo uliingia, aliye ndani aliliona ziwa, na aliye nje hakuona kitu.

Ngoy alipoonyeshwa alikuna kidevu.

"Weka dirishani kwangu kwanza. Mukubwa wa Lubumbashi anakuja kukagua. Kikimpendeza, tutaweka madirisha yote ya upande wa ziwa."

Hilo ndilo Kalenga alilolitaka kuliko kitu kingine: mstari mzima wa vibao vyake kwenye ukuta wa wajinga, uonekane hadi bandarini.

Asubuhi ya kwanza baada ya kukiweka, Mama Mujinga aliandika kwa macho yote mawili. "Papa Kalenga," alisema, "leo nimejua herufi za mashini hii zina rangi gani." Ngoy alifungua kifungo cha shingo, akapumua, kisha akasinzia. Kalenga alisimama mlangoni akiitazama kazi yake, asishangae kwamba nyumba ilikuwa kimya.

Ilikuwa kimya kwa sababu ilikuwa tupu. Kila siku, baada ya bendera kupanda na nyimbo za chama kuisha, wafanyakazi waliinua macho kwenye dirisha lile. Wakikiona kichwa cha Ngoy, walipanda ngazi. Wasipokiona, walikwenda zao sokoni kununua ndagala, dagaa wa ziwani. Siku hiyo hawakuona kichwa, na soko likajaa watu wa serikali.

Ngoy alizinduka akakuta meza hazina watu. Alipoelewa, aliita kwa hasira.

"Kalenga, umenizika nikiwa muzima. Serikali bila kichwa ni serikali gani?"

"Citoyen," Kalenga alijibu, maana chama kiliagiza kila mtu aitwe mwananchi, "kazi iko mezani, haiko kiooni."

"Wewe unajua plani, hujui uongozi. Nataka jua lisiingie, lakini mimi nionekane."

Kalenga alirudi nyumbani akicheka kwa uchungu. Alichukua katoni, akatengeneza mfano wa kile kizuia-jua, na katikati akakata tundu lenye umbo la kichwa na mabega. Alitaka Ngoy aone upumbavu wake umekatwa kwa kisu, ajirudi. Kesho yake akauweka mezani kwa Ngoy.

Ngoy aliusogeza kwenye mwanga. Akaweka uso wake tunduni, akatabasamu.

"Sasa umeelewa," alisema.

Mama Mujinga aliinamia mashini yake, mabega yakitikisika.

Mkubwa wa Lubumbashi alifika, akasimama uwanjani, akauona uso wa Ngoy ukichungulia katikati ya ile katoni, sasa imefungwa dirishani, ukimeremeta kwa jasho. Alipendezwa sana. Akaamuru kila shefu wa upande wa ziwa atengenezewe cha mbao, tundu kwa kipimo cha mwenyewe, naye akauliza nani amebuni.

Mstari mzima ungekuwa wake sasa, kwa neno moja tu. Kalenga aliyatazama yale madirisha, moja baada ya jingine.

"Ni Citoyen Ngoy," alisema. "Mimi nilitaka kufunga dirisha tu. Tundu ni lake."

Ngoy hakupinga. Akapewa mkono na kupigiwa makofi.

Jioni Kalenga alikibeba kile alichokuwa amemfungia Ngoy, kizima bila tundu, akakipigilia kwenye dirisha la nyumba yake mwenyewe. Tangu hapo, asubuhi, wakubwa wa Kalemie walijipanga kwenye matundu yao wakikauka kama ndagala juu ya mchanga, na makarani nyuma yao walifanya kazi kivulini.

Ikawa siku ya mapumziko, Abedi akaja kubisha.

"Mama Kalenga, Papa yuko?"

Mke wake aligeuka kumtazama Kalenga, aliyelala kwenye mkeka katika upepo wa ziwa.

"Angalia dirishani," alijibu. "Unaona kichwa?"

"Sioni."

"Basi hayuko."