Mfalme wa Amang Huruka

Nyumbani kwetu aliyebeba maneno mengi kuliko wote ni nguzo. Nguzo ya barazani, ile ya kati, nyeusi kwa moshi wa vizazi vitatu. Baba mkwe na mkwe wa kike hawasemeshani ana kwa ana wala hawaketi pamoja. Ndivyo tulivyolelewa huku Samosir, kisiwani mwetu ziwani, na anayeona taabu aende akaolewe mjini Medan. Kwa hiyo Amang, baba wa mume wangu, akitaka kahawa huigeukia nguzo.

"Nguzo, mwambie mkwe kahawa ya jana ilikuwa maji ya kuoshea vikombe."

Nami najibu kutoka jikoni: "Nguzo, mwambie Amang sukari imekwisha, na aliyeimaliza ana masharubu."

Tuliishi hivyo miaka minne, sisi wawili tu. Mama mkwe alizikwa kabla sijaolewa, na mume wangu Jonggi anaunganisha vyuma vya meli kule Batam, anarudi mwaka mpya kwa mwaka mpya. Sikuona upungufu. Amang alikuwa na shemeji yake, Ama Lintong, na kila alasiri walikutana kilabuni kwenye pombe ya tuak wakacheza sataranji kwa matusi. Nikipita na kapu la mihogo niliwasikia wakiitana Lae, yaani shemeji.

"Lae, farasi wako ana mimba? Mbona haruki?"

"Mwangalie malkia wako kwanza, Lae. Anakodolewa macho na wanaume wawili na wewe umelala."

Kisha Ama Lintong akafa, wiki ya mavuno, ameshika mundu. Amang alirudi kutoka mazikoni akaketi barazani akilitazama ziwa, na kilabuni hakwenda tena. Jonggi aliposikia akanitumia simu kubwa kwa mkono wa dereva wa basi. Akaniambia, "Ondang, humo mna sataranji ya mtandaoni. Mpinzani ni kompyuta, haichoki wala haifi. Mwekee baba."

Macho ya Amang yana ukungu, kioo kile asingeweza kukiona. Tukapanga hivi: yeye anaketi barazani na ubao wake wa mbao, ule uliochongwa na babu yake, amenipa mgongo. Mimi nimesimama mlangoni mwa jikoni na simu. Yeye anasogeza kipande chake, anaiambia nguzo. Mimi naingiza kwenye simu, kompyuta inajibu, nami naiambia nguzo. Nguzo yetu ilifanya kazi siku hizo kuliko karani wa wilaya.

Siku ya tano kompyuta ilimpigia shaha. Amang akacheka, kicheko chake cha kwanza tangu mazishi.

"Nguzo, mwambie mkwe mfalme anaruka."

Nikamwinua mfalme kwa kidole, nikamrusha kama farasi. Akarudi alipotoka. Nikajaribu tena, akarudi tena.

"Nguzo, mwambie Amang kompyuta inakataa."

"Inakataa nini? Mfalme akipigiwa shaha ya kwanza huruka kama farasi, mara moja tu. Baba yangu aliruka, babu yangu aliruka. Iambie hapa ni Samosir."

Hapo ndipo niliposema nililosema. Jua lilikuwa kali, mpunga wangu ulikuwa uani unaliwa na kuku, na ulimi hauna mfupa. "Nguzo, mwambie Amang dunia nzima mfalme haruki. Ni huku kwetu tu, tena kwa wazee wawili, na mmoja tumemzika."

Amang alikusanya vipande kimoja kimoja, akavifunga ndani ya kitambaa. "Basi Lae amekwenda na mchezo wenyewe," akasema, na hakumwambia mtu, hata nguzo hakuiambia.

Tangu siku hiyo chakula kikawa kinarudi nusu, siku nyingine chote. Nilipika samaki wa arsik, wa bizari na viungo vya kwetu, mzima na kichwa na mkia, kama tunavyompikia mtu aliyetokwa na roho ili imrudie. Samaki alirudi jikoni amepoa, hakuguswa hata jicho. Mwezi ulipoisha suruali yake ilishikwa na kamba. Mganga wa zahanati alimpima akasema moyo mzuri, mapafu mazuri. Nguzo haikuambiwa neno. Niliogopa. Nasema wazi niliogopa: mzee huyu angekufa kwa sentensi iliyotoka kinywani mwangu, na hata msamaha nisingeweza kumwomba ila kupitia kipande cha mti.

Nikaamua. Ikiwa kompyuta haitaki kuruka, mimi nitakuwa kompyuta. Lakini Amang angemtambua mjinga kabla kahawa haijapoa, kwa hiyo kwanza ilinibidi nijifunze kucheza.

Nilianza alasiri, Amang akiwa amesinzia. Mpinzani wa kwanza mle mtandaoni alichorwa kama paka wa rangi ya chungwa, wa wanaoanza, na aliniramba. Alinifunga mara ishirini na sita. Nilipompiga paka nikapewa mbuzi, na mbuzi naye akanila kama majani. Kompyuta haicheki wala haitukani, inangoja. Nilikuwa nikijitukana mwenyewe kwa niaba yake ili nisijisikie mpweke.

Kisha mambo yakaanza kunichanganyikia, kwa utamu. Ukungu ulishuka kutoka mlimani saa tisa ukafuta ziwa, nami nikaona mashamba ya mpunga yamegawanyika miraba, mmoja mweusi mmoja mweupe, na nyati wa jirani amesimama kwenye mraba asioruhusiwa. Nilipepeta mchele huku askari wanatembea ndani ya ungo. Nilifumba macho kidogo, simu mapajani, na farasi wakaja kunywa ziwani, wawili wawili, bila sauti. Malkia akapita juu ya maji kwa mstari ulionyooka hadi ng'ambo, hakulowa. Nilimwona hata mama mkwe, ambaye sikuwahi kumwona, ameketi kwenye ngome anachambua pilipili. Nikazinduka, mchuzi umeungua. Siku nyingine sikujua kama nimecheza au nimeota, ila simu ilionyesha nimeshinda.

Mpinzani wa mwisho kwangu alikuwa bibi mwenye miwani. Alinisumbua wiki sita. Siku nilipomfunga nilitoka uani nikacheza ngoma ya tortor peke yangu mbele ya kuku.

Kesho yake alasiri nikasimama mlangoni.

"Nguzo, mwambie Amang Jonggi ameipeleka kompyuta ikafundishwa. Sasa inajua mfalme huruka."

Nikadhani amelala. Kisha nikasikia kitambaa kinafunguliwa.

"Nguzo, uliza ilifundishwa na nani."

"Na Mbatak mwenzetu," nikasema. "Kule Batam wamejaa."

"Hm. Askari wa mbele ya mfalme, hatua mbili."

Simu nilikuwa nayo mkononi imewaka, lakini macho yangu yalikuwa kwenye ubao wake, juu ya bega lake, na kila nilichoiambia nguzo kilitoka kichwani mwangu. Nilipompigia shaha nilishika mlango. Amang akamnyanyua mfalme wake taratibu, akamvusha juu ya askari, akamweka.

"Nguzo, iulize kompyuta kama ina neno."

"Haina neno. Inasema mfalme amependeza."

Akacheka mpaka akakohoa. Alinifunga, tena vibaya, na jioni ile alikula wali sahani mbili na samaki wawili, akalalamika miiba.

Ikawa desturi yetu. Kila alasiri nguzo ilibeba askari, ngome na matusi. "Nguzo, iambie kompyuta inacheza kama mtu anayetafuta miwani iliyo puani." "Nguzo, mwambie Amang kompyuta inauliza, malkia wake ni mapambo au anafanya kazi?" Katika miaka minne hatukuwa tumesema nusu ya hayo. Nilijua akiwa na huzuni, kwa sababu alianza na farasi. Mwezi wa nane nilimfunga kwa mara ya kwanza, na hakuiambia nguzo kitu hadi kesho yake.

Lakini nilijua pia kwamba tunakaa juu ya kitu chembamba. Siku jambo hili likitamkwa, kwamba Amang anacheza na mke wa mwanawe, anatukanana naye, anacheka naye, hatakuwa na budi kuufunga ubao. Heshima yake ingemdai hivyo, na yangu pia. Kwa hiyo simu niliishika daima, hata baada ya kuniteleza nikifua ikazama ziwani mbele ya macho yangu. Niliifukia ndani ya mchele siku tatu; haikuamka. Nilimlilia bibi mwenye miwani kidogo. Kisha nikaendelea kusimama mlangoni na ile maiti mkononi.

Jonggi alifika siku moja kabla ya mwaka mpya, amenenepa, ananuka rangi ya meli. Kesho yake alasiri baraza ilikuwa na wageni wawili waliokuja kututakia heri, wanatafuna keki ya mchele. Amang alitaka kuwaonyesha. Ubao ukawekwa, nami nikaenda mlangoni. Tulikuwa katikati ya mchezo, kompyuta inaelemewa, Jonggi alipopita jikoni akaichukua simu mkononi mwangu kama mtu anayechukua chake. Akabonyeza. Akabonyeza tena.

"We Ondang!" akapaza sauti. "Hii simu imekufa! Ina tope ndani. Sasa baba anacheza na nani?"

Wageni wakaacha kutafuna. Mmoja akaniangalia mimi, kisha ubao, kisha mimi. Nilitaka kusema chochote, nikatafuta uongo wowote ndani ya kichwa kilichowahi kumfunga bibi mwenye miwani.

Amang hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa vilevile, mkono umetulia gotini.

"Jonggi," akasema, "hujamaliza kushusha mizigo, tayari unapiga kelele kwenye nyumba ya watu. Nyamaza. Kompyuta inafikiri."

Mgeni mmoja akaangua kicheko, akakigeuza kikohozi, akaomba keki nyingine. Jonggi akanitazama mdomo wazi, kisha akanirudishia simu kwa mikono miwili. Nilijifuta uso kwa ncha ya shuka langu la sarong. Halafu nikafikiri, maana ngome yangu ilikuwa hatarini, na Amang hajawahi kumhurumia mtu.