Jembe Lisiloshuka

Ilipofika saa mbili asubuhi Suzana Mhoja alikuwa ameshauza makopo sita ya michembe nje ya ofisi ya mtendaji wa kata, na mtendaji mwenyewe hajaonekana. Suzana hakuja kuuza, alikuja kutafuta muhuri. Lakini aliyekwishazizoea ofisi haendi mikono mitupu. Alitandika gunia kando ya mlango, akamwaga viazi vyake vilivyokaushwa, akawa anawafungia wateja kwa karatasi za mitihani ya mwaka juzi. Unga ulikuwa umepanda tena wiki hiyo. Wale wale waliokuwa wakiicheka michembe kwamba ni chakula cha mabibi vizee, sasa walikuwa wanainunua bila kuinua macho.

"Gladness, mwanangu," alimwita karani kupitia dirishani. "Bado tu?"

"Yuko kwenye kikao, mama. Si uache hapa hiyo barua, upite Jumatatu?"

"Jumatatu ya nini? Mwisho ni leo saa kumi jioni."

"Mimi ningekugongea hata sasa hivi. Ila muhuri kaufungia kwenye droo, na ufunguo anatembea nao mwenyewe. Subira yavuta heri, mama."

Suzana aliguna. Subira alikuwa nayo tangu Jumanne, na heri haikuwa imevutika hata kidogo.

Barua yenyewe ilikuwa ya kutambulisha kikundi. Ubalozi wa nchi rafiki, ndivyo tangazo lilivyoiita, ulikuwa unatoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya utamaduni na elimu ili "kuimarisha uhusiano wa watu wa nchi zetu mbili." Suzana alikuwa ningi, yaani kiongozi na mtunzi wa nyimbo, wa kikundi cha bugobogobo cha watu kumi na wanne huko wanakoishi, ukishapita Buswelu. Bugobogobo ni ngoma ya kulimia. Mpiga ngoma anakaa mbele, wenye majembe wanajipanga mstari mmoja, na majembe yanapanda na kushuka pamoja mpaka shamba linakwisha bila mtu kukumbuka kuwa ana mgongo. Marehemu baba yake aliitwa mpaka Magu, na alikoitwa hakulala njaa. Siku hizi wenye mashamba makubwa wanaita trekta, na kikundi kimebaki kuwalimia wajane na wenye vipande vya ekari.

Ruzuku ingewawezesha kuwafundisha wanafunzi wa hapa na wale wa nchi rafiki wanaokuja chuoni, msimu mzima. Na ingempa Shigela sababu ya kubaki.

Hapo ndipo palipouma. Shigela ndiye mpiga ngoma, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mke na mtoto mchanga, na hakuna mwingine kijijini wala mjini anayeujua ule mdundo wote. Shemeji yake alikuwa amempatia kazi machimboni Kahama. Tiketi ilikuwa mfukoni, basi la saa kumi na mbili jioni kutoka stendi ya Nyegezi. "Fomu ikipokelewa, mayu, naichana hii tiketi mbele yako," alimwambia jana, akimwita mama kwa Kisukuma. "Isipopokelewa, usinilaumu. Mtoto hali mdundo." Na ilikuwa kweli.

Mtendaji alitokea saa sita na robo, mswaki wa mti mdomoni, anacheka na simu. Alisoma barua akiwa amesimama, akafungua droo, akagonga muhuri. Dakika moja haikutimia.

"Mngesema mapema kama ni jambo la haraka," alisema.

Suzana alimeza jibu lake. Lilikuwa jibu refu.

Yeye na Shigela walikwenda mjini kwa bodaboda, mshikaki: dereva, kisha Shigela, kisha Suzana, na ngoma kubwa imebanwa kati yao, jembe la baba yake Suzana limefungwa ubavuni kwa mpira. Walipofika ile hoteli ya kule Kapripointi ambako watu wa ubalozi walikuwa wanapokea maombi, ilikuwa inakaribia saa nane. Mlinzi aliikagua ngoma kwa muda mrefu kuliko alivyomkagua mtu yeyote.

Ndani, nyuma ya meza yenye bendera mbili ndogo, alikaa ofisa wa ruzuku, kijana nadhifu aitwaye Rugambwa.

"Shikamoo mama. Karibuni sana, poleni na jua."

"Marahaba, baba."

Alikuwa na adabu, na Suzana alimpenda papo hapo. Alizipanga karatasi zao, akapiga tiki moja baada ya nyingine: cheti, katiba ya kikundi, barua yenye muhuri. Kisha akachomeka flashi kwenye kompyuta ili aone video waliyoagizwa kuleta. Suzana alijivunia sana video ile. Waliirekodi wiki mbili nyuma kwenye shamba la mjane mmoja, mvua za kwanza zilipokuwa zimeulainisha udongo: watu kumi na watatu mstarini, tope mpaka magotini, Shigela mbele anapiga kama kesho haipo.

Rugambwa alitazama mpaka mwisho. Akairudisha mwanzo. Akakuna kidevu.

"Mama, hapa mnalima."

"Ndiyo, baba. Ndiyo ngoma yenyewe."

"Naelewa. Ila mfumo una vigezo. Hili ni dirisha la utamaduni na elimu. Kilimo kina dirisha lake, nalo lilifungwa mwezi wa sita. Nikiipandisha hii, wenzangu huko juu wataona majembe na tope, wataiondoa bila kusoma hata jina."

"Sasa bugobogobo tukachezee wapi? Juu ya meza?"

Shigela alicheka. Rugambwa naye alicheka kidogo, kisha akatazama saa. "Tusikate tamaa. Mfumo unafunga saa kumi kamili. Twendeni hapo kwenye majani, niwarekodi kwa simu yangu dakika tatu. Vaeni hivyo hivyo, imbeni, inueni jembe. Ila msichimbe. Meneja ataniua."

Majani ya hoteli yalikuwa yamenyolewa mpaka yakateremkia ziwani, na pale chini, kwenye jiwe, korongo wawili walikuwa wamesimama kwa uvivu wa watu wenye mshahara. Suzana alijifunga kanga kiunoni. Shigela alikaa nyuma ya ngoma. Alianza vizuri, Suzana akatoa wimbo, akainua jembe juu, likazunguka hewani lilivyomtii baba yake, likashuka, na kabla halijagusa majani akalizuia kwa nguvu za mabega yote mawili.

Mdundo ukakatika.

"Nini?" aliuliza Rugambwa, simu mkononi.

"Ngoma inasubiri jembe liingie ardhini," alisema Shigela. "Likiingia ndipo napiga lile pigo zito. Sasa halijaingia, napiga nini?"

"Piga tu kaka, bahatisha."

Walirudia. Jembe likapanda, likashuka, likasimama hewani. Shigela alipiga pigo zito mahali alipodhani, likaangukia pabaya, na wimbo wa Suzana ukajikwaa. Mara ya tatu ikawa mbaya zaidi. Jasho lilimtoka Suzana, na halikuwa jasho la kazi. Alijiona mjinga, mwanamke wa miaka arobaini na saba anatishia majani kwa jembe, na wageni wanaokunywa kahawa barazani wamegeuka kumwangalia. Saa tisa na dakika kumi.

Ndipo lilipokuja pigo la jembe kutoka upande mwingine kabisa.

Kando ya uzio kulikuwa na tuta refu la maua ambalo mtunza bustani alikuwa analichimba tangu asubuhi. Udongo wa pale ulikuwa mgumu, umejaa kokoto. Mzee huyo, Nestory, alikuwa mtu wa Magu, na aliposikia mdundo aliacha kuchimba akasikiliza. Jembe la Suzana liliposimama hewani kwa mara ya nne, Nestory alilishusha lake, mahali pake hasa. Shigela akaligonga pigo zito bila hata kufikiri.

"Mwadila, mayu!" mzee alimsalimu kwa Kisukuma. "Njoo huku kwenye udongo, unajitesa nini hapo?"

Suzana hakumwomba ruhusa mtu. Alivuka majani akasimama ubavuni pa Nestory, na Shigela akaibeba ngoma akamfuata. Jembe likapanda, likashuka, likaingia ardhini mpaka kwenye mpini. Lo! Furaha ilimpanda mwili mzima. Aliimba wimbo wa baba yake wa kumdhihaki mvivu anayesingizia kiuno, na wanawake wawili wa kufua mashuka wakatoka na kanga zao, mmoja akachukua reki kwa kukosa jembe. Tuta ambalo Nestory alikuwa amelipangia siku mbili lilikwisha kabla nusu saa haijatimia.

Barazani watu walisimama. Mama mmoja mgeni, aliyekuwa amevaa beji ya ubalozi, alishuka ngazi anapiga makofi, kisha akapiga picha: ya Suzana jembe likiwa juu, ya Suzana jembe likiwa chini, ya mikono yake yenye udongo. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Anasema hajawahi kuona kitu kizuri hivi tangu afike nchini," Rugambwa alitafsiri. Yeye mwenyewe alikuwa anatabasamu mpaka masikioni. Alikuwa amerekodi yote.

"Basi ipandishe, baba," alisema Suzana huku anahema.

Walikimbilia mezani. Saa tisa na dakika arobaini na tano. Rugambwa alijaza, akabofya, akangoja. Mfumo ulimtaka achague shughuli inayoonekana kwenye video. Aliitazama video tena, na Suzana aliuona uso wake unabadilika, tabasamu linaondoka taratibu.

"Mama... bado mnalima."

"Yule mama kapenda."

"Kapenda sana. Ila si yeye anayepitisha. Na hakuna pa kuandika kwamba ni kulima na ni ngoma. Nikichagua kulima, mfumo unanirudisha. Nikichagua maonyesho ya jukwaani, wakiona udongo watasema nimedanganya, na mimi nina mkataba wa miezi mitatu mitatu." Alisema hivyo kwa sauti ya chini. "Ngoja nimuulize bosi wa Dar."

Akampigia. Simu ikaita ikakatika. Akapiga tena. Saa kumi kasoro dakika mbili alichagua maonyesho ya jukwaani, maskini, akabofya. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, mtandao wa hoteli ukiwa umeelemewa na wageni wote wanaorusha video ya bugobogobo. Saa kumi kamili yakatokea maandishi mekundu.

"Dirisha limefungwa," alisema Rugambwa. "Mwakani, mama, Mungu akipenda."

Shigela aliutoa mkono wake mfukoni. Hakuwa ameichana tiketi.

Suzana alikuwa anakusanya karatasi zake Rugambwa alipomletea nyingine, moja tu, nyeupe, nzito, yenye bendera mbili za rangi juu yake. Safari hii hakumtazama usoni.

"Samahani mama. Yule mama anaomba ridhaa yako kwa zile picha. Wanatengeneza kalenda ya urafiki wa nchi zetu. Ni sahihi tu hapa chini."

"Haihitaji barua ya kata?"

"Hapana."

"Wala muhuri?"

"Sahihi tu, mama."

Suzana aliichukua karatasi. "Kwa hiyo nikiwa kwenye kalenda yenu mimi ni utamaduni. Nikiwa kwenye fomu yangu ni kilimo."

Mama mgeni alikuwa amesimama hatua chache nyuma, anatabasamu kwa wema, anangoja.

"Mwambie nimeipokea," alisema Suzana, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye mfuko wa michembe. "Mwambie ufunguo wa droo natembea nao mwenyewe. Apite Jumatatu."

Walifika Nyegezi saa kumi na moja na nusu. Mtu anayesafiri hasindikizwi mikono mitupu, na Suzana hakuwa na kitu kingine. Karatasi za mitihani zilikuwa zimemwishia. Aliitoa ile nyeupe ya ubalozi, isiyo na sahihi, akaitandaza juu ya goti, akaijaza michembe iliyobaki, akaikunja ncha zake kama anavyowafungia wateja.

"Utaichemsha ukifika. Usile mikavu, itakusumbua tumbo."

"Ahsante, mayu." Shigela aliipokea kwa mikono miwili. "Sasa lile shamba la Jumamosi, nani atawapigia?"

Suzana alijifanya anafunga kanga. Utingo alikuwa anaita wa Kahama wapande. Shigela aliivua ngoma begani, akaisogeza mpaka miguuni pa Suzana, akapanda.

Suzana alimwona kupitia dirishani amepakata kile kifurushi mapajani. Karatasi ilikuwa nzuri kweli, haikupasuka. Basi lilipoondoka Suzana aliinama, akaifunga ngoma mgongoni kwa kanga, akashika jembe mkononi, akaanza kumtafuta bodaboda atakayekubali kumbeba na vyote viwili.