Petroli Sebuleni

Tone. Kimya. Tone.

Hamissi alifumbua macho gizani. Mvua ilikuwa imekatika, na paa lake halikuvuja. Kisha harufu ya petroli ikamfikia, akajua. Alikimbilia sebuleni. Kulthumu mkewe alikuwa ameinamia imbabura, jiko lao la mkaa, kiberiti mkononi, amchemshie mgeni chai.

"Usiwashe! Mama Husni, usiwashe!"

Sauti ilimtoka kama ya mtoto. Kulthumu alikifumbata kiberiti, akaenda kufungua mlango bila kuuliza. Ndiye aliyemuuguza mumewe mwaka ule pikipiki ya mteja ilipowaka moto karakanani na vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaungana. Tangu hapo Hamissi hakugusa injini. Alishona viatu sokoni Muyinga, na vijana wa pikipiki waliokuwa wakijaa uani kwake hawakupita tena.

Mgeni aliruka kutoka kwenye mkeka. Aliitwa Fredi, kijana wa Giheta. Jana alimleta abiria kutoka Gitega, mvua ikamnasa, na Kulthumu akamwita kutoka barabarani alale kwao, pikipiki aiingize ndani isiibwe. Usiku simu ikalia: mkewe, Lucia, amepelekwa hospitali Gitega, mtoto amekaa vibaya, asubuhi watampasua. Fredi alipanga kuondoka alfajiri.

"Nilisahau kufunga koki," Fredi alisema, akiipapasa chini ya tangi. "Mzee, petroli yangu ni hiyo tu. Vituo vyote vikavu."

Waliisukuma hadi uani. Kulthumu akamwaga mchanga pale sebuleni palipolowa.

"Nikifungua koki niende, itavuja njia yote. Mafundi wanafungua saa ngapi?" Fredi aliuliza.

"Mpaka jua ipande," alisema Hamissi. Alificha mkono wa kushoto nyuma. "Mi niliacha hii kazi."

"Najua. Mama aliniambia."

"Alikuambia pia naogopa?"

"Hapana. Alisema tu ulikuwa fundi."

Hamissi alimtazama mkewe. Kulthumu alikuwa anafagia, kana kwamba hasikii.

Kulipopambazuka Hamissi aliomba bisibisi. Aliifungua kabureta, ile inayopeleka petroli kwenye injini, akaiweka kwenye sinia la Kulthumu. Petroli ilimchuruzikia kwenye kovu, ikawa baridi, naye akauvuta mkono kama aliyeungua. Alipumua. Akaurudisha tena. Aliondoa kikombe cha chini, akachomoa pini, akakinyanyua kiboya kinachopanda na kushuka pamoja na petroli. Akakitikisa sikioni. Hakikuwa na petroli ndani, hakijatoboka. Basi tatizo ni sindano yake, ile inayopaswa kuziba tundu kikombe kikijaa.

Ilikuwa imenasa. Aliivuta polepole, ikatoka na kijiuzi chekundu.

"Esansi yako ulichuja na nguo ya nani?"

Fredi alikichukua kijiuzi, akakiweka kiganjani. "Kitenge cha Lucia. Petroli niliinunua kwenye chupa, ina uchafu. Akasema nichuje, nisije nikakwama njiani." Akakifunga kiganja.

"Ni akili nzuri," alisema Hamissi upesi. "Kitenge ndiyo imechakaa. Yeye hana kosa."

Alipuliza tundu, akafuta sindano, akarudisha kila kitu. Akafungua koki. Watatu wote wakainama kusikiliza. Jogoo wa jirani aliwika, Kulthumu akamwambia anyamaze. Hakuna tone.

Ilibaki kupiga kiki kuwasha injini, na hapo Hamissi akarudi nyuma hatua moja. Ule moto wa zamani ulianza hivyohivyo, kwa kiki moja. Fredi alitaka kupanda.

"Toka! We iko na bibi hospitali. Rudi nyuma, na Mama Husni pia!"

Kulthumu hakurudi. Alisimama kando yake na ndoo ya mchanga. "Piga, Baba Husni."

Alifumba macho, akapiga. Injini ikakohoa, ikazima. Akapiga tena, jasho likimwingia machoni, na safari hii ikanguruma. Alibaki ameshika usukani, hata Kulthumu akamwondoa mkono taratibu, kidole kimoja kimoja.

Fredi alivaa kofia yake. Kulthumu alimtia viazi vitamu vya jana mfukoni. Kijana akaigeuza pikipiki kuelekea njia ya Karuzi, iendayo Gitega.

"Fredi!" Hamissi alimfuata hadi barabarani, miguu mitupu kwenye tope. "Lucia akipona, umulete hapa. Na mtoto."

"Hata pikipiki ikiwa nzima, mzee?"

"Kuja tu. Hapa watu hawapitagi tena. Kuja utuone."