Swichi Pembeni mwa Meza

Nilipotumwa kufunga skrini katika shule niliyosoma, niliomba Mungu mwalimu wangu wa darasa la tatu awe amekwisha kustaafu. Sikuwa na ugomvi naye. Ila mbele yake huwa nakuwa tena mtoto wa miaka tisa, na kazini nilikuwa bado kwenye miezi mitatu ya majaribio. Bosi alishasema wazi: bila fomu ya makabidhiano yenye saini ya mwalimu wa darasa, nisirudi.

Nikamkuta. Chumba kile kile, dirisha lile lile lisilofunga vizuri, naye ameketi, miwani puani, anasahihisha madaftari.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Gari Bovu. Umenenepa."

Jina hilo walinipa wenzangu, kwa kuwa nikianza kusema nilikuwa nawaka, nazima, nawaka, nazima. Enzi zile mwalimu aliwakemea waliolitaja. Sasa kaona nimekua, kajipa ruhusa.

Nilifanya kazi asubuhi nzima. Nikatoboa ukuta, nikafunga skrini pana kama mlango, nikavuta waya hadi kwenye soketi nyuma ya kabati la vitabu. Na kila nilipogeuka, jicho lilikwenda lenyewe kwenye rafu ya juu, ilipokuwa ikikaa redio.

Redio ile ndiyo ilikuwa teknolojia yetu. Ilikula betri sita, na zikichoka tulizianika juani dirishani zipate nguvu. Jumanne na Alhamisi, saa nne, mwalimu aliishusha kwa mikono miwili nasi tukanyamaza kabla ya kuambiwa. Bwana wa redioni aliuliza hesabu, ukapigwa muziki mfupi wa kutupa nafasi ya kujibu, kisha akasema, "Vizuri sana, watoto." Tuliamini anatusikia. Kuna siku mwenzetu aliinua mkono akaiomba redio ruhusa ya kwenda msalani. Nikikumbuka nacheka peke yangu, ingawa mimi mwenyewe redio ile iliniumiza.

Maana muziki ule ulikuwa mfupi mno kwangu. Siku moja mwalimu alininyooshea kidole: saba mara nane. Jibu nilikuwa nalo. Nikasema "ha", nikasema "ha" tena, muziki ukaisha, bwana wa watu akanipongeza kwa jibu nisilolitoa, na darasa likaangua kicheko. Mwalimu akanyoosha mkono, akaizima redio.

"Malizia, mwanangu," akasema.

Nikamaliza. Alipoiwasha tena somo lilishakwenda zake, na mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwita ofisini. Tulisikia akikaripiwa. Alhamisi iliyofuata akaizima tena.

"Haya, fundi, nionyeshe," akasema sasa, akisogeza madaftari.

Nikamweleza kwa madaha. Skrini inauliza kwa sauti, mtoto anajibu kwa mdomo, yenyewe inasikia na kusahihisha papo hapo.

"Inasikia kweli? Siyo kama yule bwana wetu?"

"Inasikia kweli, mwalimu."

"Na inasubiri muda gani?"

"Sekunde kumi."

Akavua miwani. "Humu nina watoto wawili wanaosema kama ulivyokuwa unasema wewe. Iongeze."

Nikapekua mipangilio yote. Kumi ndiyo ilikuwa mwisho wake. Nikampigia bosi, akasema ndivyo ilivyotengenezwa, nichukue saini niondoke. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake, na mwalimu hata hakuitazama.

"Kumi ni nyingi, mwalimu," nikasema, nami najua nasema uongo. "Ngoja nikujibie moja uone."

"Chagua saba mara nane."

Kumbe hakusahau. Nikachagua. Skrini ikauliza, namba zikaanza kushuka kutoka kumi. Ulimi wangu umetulia miaka mingi. Nabishana na wenye maduka, nilitongoza nikakubaliwa. Lakini yeye alikuwa ananitazama kwa macho yale yale ya kungoja. Nikasema "ha". Sita, tano. Nikasema "ha". Kijasho chembamba kikanitoka. Kengele ikalia, na sauti ikasema kwa upole, "Muda umekwisha. Tuendelee na swali lingine."

Mwalimu akainuka. Akalizunguka kabati akijishika kiuno, magoti yake si yale ya zamani, akapenyeza mkono nyuma na kupapasa hadi akaipata soketi. Skrini ikawa nyeusi.

"Malizia, mwanangu."

Nikachukua muda wangu. Nje kuna mtu alikuwa anafagia uwanja, nikamsikia vizuri.

"Ha... hamsini na sita."

"Vizuri sana," akasema, akarudi kuketi taratibu, anahema. Macho yalinijaa machozi, na sioni haya kulisema.

Sikumgusia tena habari ya saini. Nikafungua sanduku la vifaa, nikatoa drili. Nikavuta waya upya, nikaupitisha chini ya ubao wa zamani hadi kwenye meza yake, na pale pembeni, usawa wa kiti, mkono wake unapofika bila yeye kuinuka, nikafunga swichi ya skrini. Kwenye fomu hapakuwa na mahali pa kuiandika kazi hiyo.

Akaijaribu. Akawasha, akazima, akawasha, akazima. Kisha akavaa miwani na kuivuta ile fomu.