Kiti cha Mwenye Gramafoni

Gramafoni ilikuwa ya Penina. Hilo tuliweke wazi mapema, maana kijiji kizima cha Akeri kililijua na bado kuna watu waliojitia hawalijui. Kahawa ni ya mume. Ndivyo ilivyokuwa kwenye miteremko yote ya Mlima Meru, na fedha ya kahawa huingia mfukoni mwa mume. Ndizi na maziwa ni vya mke. Penina alibeba mikungu kichwani mpaka sokoni mjini, akipita Sekei miguu imelowa umande, na mwaka ule picha za Malkia mpya wa Uingereza zilipojaa madukani, aliingia katika duka moja la Mhindi akatoka na gramafoni ya sanduku, ya kijani, iliyokwisha kutumika, yenye hendeli ubavuni. Kaanaeli, mumewe, hakutoa hata senti. Alichotoa ni maneno: kwamba ni upuuzi mtu mzima kununua sanduku la kuimba wakati paa linavuja.

Upuuzi huo uliisha ghafla Jumapili iliyofuata, Kaanaeli alipokumbuka habari ya viti.

Kulikuwa na kundi la wapenda gramafoni pale kijijini. Baada ya ibada walikutana nyumbani kwa mmoja wao, kila mtu na mashine yake, wakapiga santuri ile ile kwenye mashine moja baada ya nyingine na kubishana ipi inatoa sauti nene, ipi inakwaruza, ipi inaimba kama mtu mwenye mafua. Mkubwa wao alikuwa Ephraimu, karani wa chama cha kahawa, mwenye gramafoni kubwa kama kabati aliyoinunua kwa mlowezi mmoja wa Kizungu aliyehamia Kenya. Loishiye, mfugaji kutoka Kisongo, alileta ya kwake juu ya punda, imeviringishwa blanketi, na alikuwa tayari kugombana na yeyote aliyesema kwamba mashine inaweza kuimba vizuri bila blanketi chini yake. Walikuwa na uwezo wa kubishana juu ya sindano moja mpaka ng'ombe wakarudi zizini wenyewe.

Sheria zao zilikuwa mbili, na alizitunga Ephraimu. Ya kwanza, sindano haiguswi ila na mkono wa mwenye mashine. Ya pili, viti ni vya wenye mashine. Asiye nayo akae majanini, asikilize, asitoe hoja. Kaanaeli alikaa majanini miaka mingi, amekumbatia magoti, kifua kimejaa hoja alizokatazwa kuzitoa. Penina alimwonea huruma. Yeye mwenyewe wakati huo alikuwa nyuma, jikoni kwa mke wa Ephraimu, anaosha vikombe na kutega sikio, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama anasikia vizuri.

Alisikia vizuri sana. Mashine ilipofika nyumbani aliishughulikia jinsi wengine wanavyomshughulikia ndama mgonjwa. Sindano za chuma zilimkera kwa mkwaruzo wake, akachuma miiba ya mgunga, akaikausha juu ya meko, akailoweka kwenye samli, akainoa ncha kwa jiwe. Mwiba ukipita kwenye santuri, sauti ilitoka laini, haina kelele za chuma. Meza nayo haikumridhisha. Akajaribu kinu, akajaribu debe, mwisho akaweka mashine juu ya mzinga wa nyuki uliokuwa mtupu, na hapo sauti nene ikapata tumbo. Tena alijua udhaifu wa mashine yake: springi ilikuwa ya zamani, na mtu anapozungusha hendeli ikaanza kuwa ngumu mkononi, aache hapo hapo.

Basi zamu ya kukaribisha kundi ikafika kwao. Wanaume waliingia uani kwa shangwe, na Ephraimu akamshika Kaanaeli mkono kwa mikono miwili.

"Kaanaeli! Leo na wewe una kiti. Hongera kwa mashine."

"Ahsante, Bwana Karani," akasema Kaanaeli.

Ahsante! Penina alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo na birika la chai. Akamtazama mumewe, akingoja aseme neno moja tu la ziada. Kaanaeli akakaa kwenye kiti, akakunja nne.

"Shikamoo, Bwana Karani," Penina akasema. "Mashine ni yangu. Nimeinunua kwa ndizi zangu."

Ephraimu akacheka, cheko la mtu mkarimu, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Marahaba, Mama Anaeli. Mke na mume ni mwili mmoja, mchungaji hakutuambia? Mwili mmoja, gramafoni moja. Hebu Kaanaeli, tupigie."

Niambieni, mbona mwili huo mmoja ulipokuwa unakwenda mjini na mkungu kichwani, alionekana mtu mmoja tu? Na hawa ndio wanaume waliokuwa wakitetemeka kwa hasira kila walipozungumza habari ya ardhi ya Wameru kule chini, jinsi serikali ilivyowafukuza watu kwenye mashamba yao na kuyaita ya walowezi. Walijua kabisa uchungu wa kitu chako kupewa jina la mwingine. Waliujua, na chai ya Penina wakainywa.

Kaanaeli akateremsha mwiba juu ya santuri. Sauti ikatoka. Ilijaa ua mzima, laini na nzito, na mwimbaji alisikika anavuta pumzi kabla ya kila mstari. Loishiye akasahau kikombe mdomoni. Ephraimu akainuka, akainama, akachungulia.

"Mwiba? Na huu si mzinga? Kaanaeli, umefanyaje wewe?"

"Ah," akasema Kaanaeli, anajikuna shingo, "ni kujaribu jaribu tu."

Penina akasogea hatua moja na birika lake. Afadhali mumewe angemtukana. Tusi lina jibu.

"Miiba nimechuma mimi," akasema. "Mzinga nimeubeba mimi."

"Mke mwema huyo," akasema Ephraimu, bila kugeuka. "Anakusaidia. Hebu rudia, Kaanaeli, tulinganishe na ya kwangu."

Kaanaeli akashika hendeli. Akazungusha. Penina, akiwa bado na birika, aliona kiwiko cha mumewe kinaanza kupata kazi.

"Baba Anaeli, inatosha. Imekaza. Acha."

Kaanaeli aliwatazama wale wanaume waliokuwa wanamtazama. Mtu aliyetoka majanini juzi, leo akaambiwe na mkewe mbele ya wenye viti namna ya kushika mashine? Akazungusha tena, kwa nguvu, kuonyesha. Ndani ya sanduku kukasikika mlio kama fimbo inavunjika, hendeli ikamponyoka, ikapiga ubavu wa mzinga. Sahani haikuzunguka tena.

Kuku akalia nyuma ya nyumba. Kaanaeli akapangusa viganja kwenye suruali, na alipofungua mdomo hakumtazama mtu.

"Mama Anaeli, mashine yako hii uliuziwa mbovu. Nilikuambia usiinunue."

"Pole sana, Mama Anaeli," akasema Ephraimu. "Gramafoni yako imekufa. Hawa wa madukani ni wezi."

"Pole, yeyo," akasema Loishiye, kwa heshima ile wanayompa mama kwa Kimaasai, na yeye peke yake alionekana ana haya kidogo.

Mmesikia? Ilipoimba ilikuwa ya Kaanaeli. Ilipovunjika, mara moja, bila kikao wala ubishi, kila mtu alikumbuka mwenye mashine ni nani. Penina alitaka kupiga kelele. Alitaka kuwamwagia chai. Badala yake aliwatazama mmoja mmoja usoni, akafunga kifuniko cha sanduku, akaliinua.

"Ahsanteni," akasema. "Wote mmesema ni yangu. Nimesikia."

Wiki ile alipeleka ndizi mjini na sanduku pamoja. Pale Daraja Mbili kulikuwa na fundi wa baiskeli. Wakaifungua pamoja, wakakuta springi imekatika karibu na ncha. Wakaipasha moto ile ncha, wakatoboa tundu jipya, wakaichomeka. Ilikuwa fupi kidogo sasa, lakini ilimaliza santuri. Kaanaeli alipoisikia ikiimba jioni alikuja mlangoni, akatabasamu, akasema, "Kumbe tumepona." Penina akageuza santuri. Alikuwa amechoka na huo wingi wa 'tumepona'.

Jumapili ya kukutana kwa Ephraimu ilipofika, Kaanaeli alivaa kofia na koti, akanyoosha mkono achukue sanduku. Penina alikuwa ameshalitia kichwani. Akatangulia. Njia nzima, kupitia migomba na vibanio vya mifereji ya maji, Kaanaeli alikuwa nyuma yake na mikono mitupu, na waliokutana nao waliamkia sanduku kwanza.

Uani kwa Ephraimu viti vilikuwa vimepangwa. Kimoja kilikuwa wazi. Mke wa Ephraimu alitoka jikoni na kitambaa cha vikombe, akamnyooshea Penina kama kawaida. Penina akamwamkia vizuri, akampita. Akaweka mashine yake karibu na ya Loishiye, akatoa kopo la miiba, akakaa kwenye kiti.

Ephraimu akasafisha koo.

"Karibu, Mama Anaeli. Karibu sana. Lakini sasa... kiti ni kile kimoja. Baba Anaeli atakaa wapi?"

Penina alikuwa anachagua mwiba. Akauinua kwenye mwanga, akaitazama ncha.

"Baba Anaeli hana gramafoni, Bwana Karani. Mlisema wenyewe siku ile, na yeye alitangulia kusema. Sheria si ya kwangu."

Ephraimu akamtazama Kaanaeli, akingoja akane. Loishiye akasogeza blanketi lake pembeni, akampa Penina nafasi ya kuweka kopo. Kaanaeli alifungua mdomo. Kama angesema mashine ni yake, basi na springi aliivunja yeye. Akaufunga.

Akavua kofia. Akatazama pale majanini alipokaa miaka yote ile, akakunja koti lisichafuke, akakaa.

Penina akashika hendeli, akazungusha, na ilipoanza kuwa ngumu mkononi, akaacha.